Maji ya Jumanne

Mwaka wa kumi na moja tangu vita, Guram Tsotniashvili alikuwa bado anaamka alfajiri, anatupia jembe begani, anakwenda kukagua mfereji usio na maji. Alikuwa mgawa maji wa kijiji cha Vashliani, huku Georgia, kama baba yake na babu yake, na hakuna mtu aliyemwambia kwamba kazi imekwisha. Maji yalikatika Agosti ile ya vita, yakabaki upande wa pili wa waya wa mpaka, kwa Waosetia waliojitenga nasi na askari wa Kirusi wanaowalinda. Guram aling'oa magugu vilevile, akaondoa majani makavu, akapaka grisi usukani wa chuma wa lango lake, kisha akarudi nyumbani kunywa chai. Vijana walimwita Mlinzi wa Vumbi. Aliwajibu kwamba bila yeye hata hilo vumbi lingeshapotea njia.

Alikuwa na miaka sitini na sita, mkavu, mwenye masharubu ya kijivu, na hakuna kitu asichokishuku. Hakuzaliwa hivyo. Zamani alikuwa mtu wa karamu na kicheko, na kila harusi yeye ndiye aliyechaguliwa mkuu wa meza, maana kwetu glasi hainywewi bila maneno, na maneno ya Guram yaliwaliza hata waliokuja kufuata nyama tu. Baada ya vita akawa mtu wa kugeuzageuza barua kabla ya kuifungua. Ukimsalimia kwa uchangamfu, alijiuliza unataka nini. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nasi tulimsamehe, kwa sababu nyoka wake tulimjua kwa jina.

Aliitwa Khazbi. Alikuwa Mwosetia, mgawa maji wa kijiji cha juu, kilomita nne kutoka kwetu. Mfereji ni mmoja: unaanzia mtoni, kwenye lango kubwa la zege, unapita mashamba ya kijiji cha juu, ndipo unateremka kwetu. Wa juu asipofungua, wa chini hana cha kugawa ila visingizio. Kwa miaka thelathini Guram na Khazbi walielewana bila maandishi, na tangu enzi za Wasovieti siku ya Vashliani ilikuwa Jumanne. Khazbi ndiye aliyemsimamia ubatizo Malkhaz, mtoto wa pekee wa Guram, na kwetu baba wa ubatizo si mtu wa kujazia picha. Ni ndugu. Wake zao, Tsiala na Fatima, walipika jemu pamoja kila msimu wa matunda na kugombana juu ya sukari.

Jinsi ndugu alivyogeuka nyoka, tulisimuliwa na Guram mwenyewe, tena mara nyingi, bila kubadilisha hata nukta.

Ilikuwa Aprili ya mwaka ule wa vita. Malkhaz alikuwa amerudi kutoka Iraki, alikopelekwa na jeshi letu la Georgia kuwasaidia Wamarekani, maana hicho ndicho kiingilio wanacholipa wanyonge wakitaka kukaribishwa kwa wakubwa. Wiki ileile wakubwa wa NATO walikutana huko mbali wakatangaza kwamba ipo siku Georgia itaingia katika umoja wao wa kijeshi. Siku gani, hawakusema. Ni kama kumwambia msichana wa watu kwamba utamwoa, kisha ukachukua kofia yako ukaondoka. Lakini sisi tulishangilia. Guram alichinja kondoo, akakaa mkuu wa meza, akainua pembe ya divai.

"Kwa mlango uliofunguliwa!" alisema. "Wajukuu zetu watalala bila kumwogopa Mrusi!"

Meza nzima ilisimama. Khazbi naye alisimama, polepole.

"Ndugu yangu Guram," alisema, "wakija hao wageni wako, mizinga yao wataielekeza wapi? Mbele yake itakuwa nyumba yangu, na nyuma ya nyumba yangu kuna mlima tu."

Watu wakacheka kwa kuwa hawakujua la kufanya. Kisha Khazbi akamimina kutoka kwenye jagi alilokuja nalo, bia nyeusi nzito iliyopikwa na Fatima, akaiinua kwa Malkhaz: "Mungu akulinde, mwanangu." Kicheko kikafia midomoni. Kwetu bia haiinuliwi kwa mtu unayempenda. Bia huinuliwa kwa adui, na kila jema linalosemwa juu yake huhesabiwa kinyume. Malkhaz alikunywa, akamkumbatia baba yake wa ubatizo, na karamu ikaendelea kwa kulazimishwa.

Agosti, siku nne kabla ya vita, Khazbi alipiga simu. "Mchukue Tsiala mwende Gori kwa dada yako," alisema. "Usiniulize." Akakata. Vita ikaja, na siku ya tatu Malkhaz akauawa barabarani pamoja na wenzake sita.

"Kwa hiyo alijua," Guram alisema kila alipofika hapo. "Walipanga na Warusi. Alimwinulia mwanangu bia, kisha akanipigia nikimbie, nisibaki hata wa kumzika."

Sisi tuliosikiliza tulitikisa vichwa. Wanaosoma magazeti wanabishana hadi leo nani alianza: Mrusi na vibaraka wake, au rais wetu na haraka zake, au NATO na ahadi yake isiyo na tarehe. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na wakubwa wana majua mengi ya kusingizia. Guram hakuhitaji magazeti. Alikuwa na mtu wake mmoja wa kumlaumu, mwenye jina na namba ya simu.

Fatima naye alikufa usiku wa kwanza wa vita, makombora ya upande wetu yalipoangukia kijiji cha juu. Habari ilitufikia baada ya wiki mbili. Tsiala alifunga mlango wa chumba akalia peke yake, kwa sababu mwaka ule haikuwa busara kuonekana unamlilia mtu wa upande ule.

Sasa tuje kwenye kiangazi cha mwaka wa kumi na moja. Mwezi wa Mei pampu ya kisima cha kijiji, iliyotumwagilia mashamba tangu vita, iliungua, na mvua ikasusa. Malkhaz alikuwa amepanda mitofaa arobaini, mistari minne, wiki ileile aliyorudi kutoka Iraki. Ilikuwa imekua, inazaa vizuri, na ndiyo pekee aliyoiacha duniani. Kufika Juni majani yalikuwa yanajikunja, na matunda madogo yanadondoka yakiwa kama gololi. Tsiala alibeba ndoo mbilimbili kutoka kwenye dimbwi la chini, kilomita nzima, lakini miti arobaini haishibi kwa ndoo. Bila maji ya mfereji kabla mwezi haujaisha, ilikuwa inakufa. Kila mtu aliliona hilo.

Jumanne ya pili ya Juni, saa nne asubuhi, maji yakaja.

Yalikuja taratibu, yakisukuma povu na majani, hadi kwenye lango la Guram. Nusu ya kijiji ikakimbilia pale. Guram aliinama, akayanusa, akasimama. Shota, dereva wa trekta mstaafu, mtu wa sauti kubwa na habari nyingi, alinyoosha mikono kama polisi wa barabarani.

"Asiguse mtu! Wametia kitu!"

"Watie kitu gani, Shota?" aliuliza Tsiala. "Kwenye mto mzima?"

"Warusi wana dawa za kila namna, shemeji. Husikilizi redio?"

"Redio yako si ilikufa mwaka jana?"

"Ndiyo maana nakumbuka vizuri ilichosema."

Watu walicheka, lakini hakuna aliyesogea. Lango la Guram lina njia mbili: usukani ukiuzungusha kulia, maji yanakwenda mashambani, kushoto, yanamwagika korongoni. Guram akaushika.

"Leo ni Jumanne," Tsiala alimwambia kwa sauti ya chini. "Nani mwingine huko juu anajua kwamba Jumanne ni yetu?"

"Ndiyo maana nayamwaga," alisema Guram, akazungusha kushoto.

Mbuzi wa Shota aliteremka korongoni akanywa hadi tumbo likavimba. Tulimfuatilia siku tatu. Siku ya nne alivunja ua wa Tsiala akamaliza kabichi zote. "Sumu ya polepole," alisema Shota, ila na yeye sauti ilikuwa imepungua nguvu.

Jumanne iliyofuata maji yakaja tena, saa ileile, na Guram akayamwaga tena. Alikuwa na sababu zake, na usiku alizipanga kitandani moja baada ya nyingine. Mwaka uliopita askari wa Kirusi walimkamata mtu wa kijiji jirani aliyemfuata ng'ombe wake karibu na waya, wakamweka wiki mbili. Jana ng'ombe, leo maji, kesho wataweka nini ili tuusogelee waya? Au wanataka tuyazoee, kisha wayakate matofaa yakianza kuiva, wakae juu watutazame tukilia. Na watu nao watasema nini? Watasema Guram ana mtu wake kule. Katika nchi iliyopigwa vile, kusemwa hivyo ni kubaya kuliko shamba kukauka.

"Una sababu mia za kuua miti," Tsiala alimwambia asubuhi ya Jumanne ya tatu ya maji. Alikuwa anafunga kitambaa kichwani na ndoo ziko miguuni. "Nitajie moja ya kuiponya. Leo ukiyamwaga, Guram, mimi naenda kwa kaka yangu kule Kaspi, na sitanii."

Guram alimjua mkewe. Akachukua jembe, lakini badala ya kwenda langoni akaufuata mfereji kupanda, kilomita tatu, mahali tulipokatazwa kwenda, hadi pale mfereji unapopita chini ya waya. Alitaka kumwona kwa macho anayefungua.

Khazbi alikuwa amekaa juu ya jiwe upande wa pili, anatazama maji yakipita. Alikuwa amenyauka, fimbo magotini. Hawakuwa wameonana tangu ile karamu.

"Umezeeka," alisema Khazbi.

"Wewe ulikuwa mzee tangu zamani. Nani amekutuma?"

"Kalenda. Ni Jumanne."

"Usinichezee. Wakubwa wako wanajua?"

"Wangejua ningekuwa hapa natukanwa na wewe? Gari la doria likipita saa tatu, nafungua. Kabla halijarudi, nafunga. Wakiniuliza nawaambia lango limechakaa, linavuja. Na kweli limechakaa."

"Miaka kumi na moja lilikuwa halivuji?"

"Miaka kumi na moja nilikuwa nakuchukia," alisema Khazbi. "Mwaka huu nimechoka. Na kutoka kwenye kile kilima changu naiona mistari minne ya Malkhaz. Imegeuka njano."

Guram alishika waya bila kufikiri, miba ikamchoma. "Jina hilo usilitaje! Wewe ulimwinulia bia!"

"Bia?" Khazbi alimtazama kana kwamba anamwona mgeni. "Umekula mezani kwangu miaka thelathini, wewe mtu. Tulipomzika baba yangu, nani alishika bakuli la bia akamwomba Mungu kwa Kiosetia kibovu hadi wazee wakaficha nyuso? Si wewe? Kwetu bia ndiyo ya sala. Unajua hivyo kama unavyojua jina la mama yako. Divai ningeipata dukani. Ile bia Fatima aliihangaikia siku tatu kwa ajili ya mtoto."

Guram alijua. Alijua siku ileile mezani, na aliendelea kujua kila mara alipokisimulia kisa kile, lakini kisa bila ile bia kisingesimama.

"Na simu?" alisema. "Ulijua vita inakuja."

"Niliona wake wa wakubwa wetu wanapandishwa mabasi ya kwenda kaskazini. Hapo unahitaji kuambiwa nini tena? Nikakupigia, na kama wangenisikia ningefungwa." Khazbi aliegemea fimbo akasimama. "Sasa mimi nikuulize. Fatima alikataa kupanda lile basi. Alisema, 'Jambo likitokea chini, Guram atapiga simu.' Wewe nyumba yako iko kando ya barabara kuu. Mchana wa tarehe saba, saa chache kabla ya makombora, uliona nini?"

Hapa hatuna budi kusema jambo ambalo Guram hakulisimulia hata siku moja. Mchana ule alikuwa amekaa kwenye benchi mbele ya nyumba yake. Magari ya jeshi letu yalipita yakipanda, mizinga imefunikwa maturubai, na akayahesabu, kwa sababu mgawa maji huhesabu kila kinachopita mbele yake. Yalikuwa kumi na manne. Askari walimpungia mkono, naye akawapungia, moyo umejaa: hatimaye! Halafu akakumbuka barabara ile inaishia wapi. Alitoa simu mfukoni, akalitafuta jina la Khazbi, akalitazama. Pengine Khazbi angewaambia wenzake. Pengine Malkhaz alikuwa ndani ya gari mojawapo. Akairudisha simu mfukoni, na usiku makombora yakaanza.

"Sikuona kitu," alisema Guram.

Khazbi alimtazama, akachovya ncha ya fimbo majini. Chini ya miguu yao maji yalikuwa yanapita.

"Haya," alisema. Ng'ambo ya kilima injini ilisikika ikinguruma. "Nenda. Mwagilia miti, anza na ya mwanangu."

Guram aliteremka karibu akikimbia, na safari hii akauzungusha usukani kulia. Maji yaliingia mashambani yakitafuta mitaro ya zamani, na watu wakayafuata kwa majembe wakipiga kelele. Tsiala alivua viatu akasimama katikati ya mistari ya Malkhaz, tope hadi kwenye vifundo. Shota alisahau sumu yake yote. Alipouliza nani amefungua huko juu, Guram alisema theluji ya milimani imeyeyuka sana mwaka huu. Hakuna aliyemwamini, lakini siku ile hakuna aliyetaka kubishana.

Jumanne ya nne tulikuwa pale tangu saa mbili. Siku moja ya maji ilikuwa imeituliza miti, haikuwa imeiponya. Ilihitaji nyingine, na kila mtu alikuja na jembe. Shota alileta mkate, jibini na divai, akajiteua mkuu wa meza kando ya mfereji. Saa nne ikafika. Saa tano. Saa sita jua lilikuwa linachoma kisogo na mfereji umekauka hadi ukapasuka. Guram alikuwa amekaa juu ya zege la lango, amekunja mikono. Kichwani mwake mlikuwa na mambo mawili. Ama Khazbi amekamatwa, ama alirudi nyumbani, akakaa na lile neno "sikuona kitu," akalielewa. Alijaribu kuombea la kwanza, akaona haya.

"Nilisemaje mimi?" Shota alinyanyuka na glasi yake. "Wametuonjesha, wamekata! Ndio walewale. Ndio walioanza, na wataendelea hadi tufe. Haya, inueni glasi, Mungu awalaani waliotuanza!"

Watu wakainua. Tsiala peke yake alikuwa ameketi na mikono mapajani.

"Magari yetu yalipita kwanza," alisema Guram.

"Nini?"

"Mchana wa tarehe saba. Nilikuwa kwenye benchi. Magari kumi na manne ya mizinga yanapanda, nikayahesabu. Nilijua yanakwenda kumpiga nani. Sikumwambia mtu."

Kengele ya mbuzi wa Shota ililia korongoni. Shota alishusha glasi, na uso wake ukabadilika. Sote tuliuona ukibadilika, na sidhani kama nyuso zetu zilikuwa tofauti.

"Maneno hayo nani kakufundisha, Guram?" aliuliza taratibu. "Hayo husemwa kwenye televisheni yao. Jumanne iliyopita ulikuwa wapi hadi saa saba? Ulipanda juu, siyo? Uliongea na nani? Wamekupa nini?"

"Hawakunipa kitu."

"Baba mwenye mwana kaburini hawezi kusema hivyo bure."

Mtu mmoja alitema mate. Wengine wakaanza kukusanya majembe yao, wakisogea mbali na lango, kama anavyofanya mtu aliyegundua amekaa karibu na mgonjwa. Guram hakuwatazama. Alikuwa anamtazama mkewe.

Tsiala alikaza fundo la kitambaa chake cha kichwani.

"Simu ulikuwa nayo?"

"Mfukoni."

"Na salio lilikuwemo?"

"Lilikuwemo."

Tsiala aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa swali la bei ya chumvi. Kisha akainuka, akachukua ndoo zake. Guram alishuka haraka kutoka kwenye zege, akanyoosha mkono ampokee moja. Tsiala akazihamishia zote mbili mkono wa pili, ule wa mbali naye, akashika njia ya dimbwini peke yake.